Matofali Yaliyonyeshewa na Hesabu ya Chupa Mbili

Ilikuwa baada ya swala ya Isha, katika likizo ya mwezi wa Juni, ambapo baridi ya Sumbawanga huwafanya waumini waharakishe kurejea majumbani. Mzee mmoja wa jamaa yetu alibaki barazani akiwa amekumbatia kompyuta ndogo iliyofungwa ndani ya kitenge, kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Akatwambia, "Katibu, naomba msikiti uiuze hii, na fedha yake iingie katika mfuko wa ujenzi wa madrasa." Tulipomwuliza sababu, alijibu kwa sauti ya mtu aliyechoka: "Kijana wangu ameacha kulala. Anajenga kiwanda usiku kucha, na kukipambazuka hakuna hata msumari mmoja uliotoka humo. Alfajiri mbili mfululizo nimemwamsha, hakuamka."

Tulimshukuru kwa nia yake, lakini hatukuipokea. Kompyuta ile kijana alipewa na mjomba wake, na sadaka haitolewi kwa hasira kutoka katika mali ya mwingine. Tuliahidiana kwamba tutakaa na kijana kwanza, tuone hicho kiwanda kisichotoa misumari, kisha tushauriane. Wazazi wengi wana malalamiko ya namna hiyo, nao mara nyingi huhukumu jambo ambalo hawajaketi kulitazama. Sisi wenyewe tulikuwa miongoni mwao.

Siku ya pili, baada ya Alasiri, kijana alikuja. Yuko kidato cha tatu, mpole, hana tabia ya kujibizana na wakubwa. Alituamkia, akafungua mashine yake, akakaa akisubiri kukaripiwa. Tulimwambia, "Tuonyeshe tu. Unafanya nini humo?"

Mchezo wenyewe unaitwa Factorio. Umetengenezwa na kampuni ya Wube Software ya mjini Prague, katika Jamhuri ya Czech, na toleo lake kamili lilitoka tarehe 14 Agosti 2020 baada ya miaka mingi ya kuuboresha. Mchezaji huanza akiwa peke yake katika sayari ngeni, chombo chake kikiwa kimeharibika. Hana kitu isipokuwa zana chache. Huchimba mawe, makaa ya mawe, chuma na shaba. Huyeyusha madini katika matanuru. Hutengeneza mashine, na mashine zikamtengenezea vitu vingine, mpaka mwisho awe na kiwanda kinachoweza kurusha roketi. Silaha zimo, kwa sababu wako wadudu wakubwa wanaokishambulia kiwanda, lakini sehemu kubwa ya muda hutumika katika kupanga.

Ili mchezaji apate elimu ya kutengeneza kitu kipya, ni lazima alipie kwa vifaa vya utafiti, navyo vina sura ya chupa zenye rangi. Chupa hizo hupelekwa katika maabara, maabara huzimeza, na elimu hufunguka. Mwanzoni kuna chupa nyekundu peke yake. Zile 10 za kwanza mtu huzitengeneza kwa mkono, na elimu anayoipata kwazo ni ile ya kuwa na mashine inayounganisha vitu bila ya yeye kushika. Baadaye huja chupa ya kijani, na hapo ndipo kijana wetu alipokuwa amekwama kwa siku tatu. Kumbe zile alfajiri mbili alizozipoteza hazikupotea katika raha. Zilipotea katika dhiki.

"Ustadh," alisema, "chupa za kijani hazitoki. Kila nikiona hazitoki, naongeza chuma, naongeza gia. Lakini hazitoki."

Tulimwomba atueleze chupa ya kijani inatengenezwa kwa nini. Hapo uso wake ulibadilika, maana hakuna mtu mzima aliyewahi kumwuliza swali hilo. Alieleza kwa ufasaha kuliko anavyoeleza masomo yake ya shule. Chupa nyekundu moja huhitaji gia moja ya chuma na bamba moja la shaba. Gia moja huhitaji mabamba mawili ya chuma. Hiyo ni rahisi. Chupa ya kijani huhitaji mkanda mmoja wa kusafirishia mizigo na mkono mmoja wa mashine, ule unaookota kitu hapa na kukiweka pale. Mkono huo nao huhitaji gia moja, bamba moja la chuma na saketi moja ya umeme. Saketi huhitaji bamba moja la chuma na nyaya tatu za shaba, na bamba moja la shaba hutoa nyaya mbili. Mikanda hutoka miwili kwa pamoja, kwa gia moja na bamba moja la chuma.

Kisha alituonyesha kiwanda chenyewe. Mkanda wa chuma ulitoka kwenye matanuru, na mashine za kwanza kukutana nao zilikuwa mashine nne za gia. Kila moja ilikuwa ikimimina gia zake ndani ya sanduku la mbao. Sanduku la mbao katika mchezo huo hubeba gia 1,600 kabla ya kujaa. Gia 1,600 ni mabamba 3,200 ya chuma. Chuma hicho kingetosha kwa chupa za kijani zaidi ya 580, lakini kilikuwa kimelala sandukuni, kimeshageuzwa gia, na hakuna njia ya kukirudisha kuwa bamba. Mwisho wa mkanda, mashine ya saketi ilikuwa imesimama mdomo wazi ikisubiri bamba moja la chuma. Bila saketi hakuna mkono. Bila mkono hakuna chupa ya kijani. Maabara yalikuwa kimya.

Tulimwuliza swali ambalo pengine ni la kijinga kwa wanaoujua mchezo: "Unataka chupa ngapi kwa dakika moja?"

Alinyamaza. Alitazama skrini, akatutazama, akasema, "Sijui, Ustadh. Nyingi."

Tukamwambia, "Nyingi si hesabu." Tulichukua karatasi ya nyuma ya daftari la michango, tukaanza naye kutoka mwisho kurudi mwanzo. Tuliweka haja: chupa 30 nyekundu na 30 za kijani kwa kila dakika, yaani chupa moja ya kila rangi kwa kila sekunde mbili. Mashine za daraja la kwanza, ambazo ndizo alizokuwa nazo, hutoa chupa nyekundu moja kwa sekunde 10 na chupa ya kijani moja kwa sekunde 12. Basi ili kupata moja kwa kila sekunde mbili, zinahitajika mashine 5 za nyekundu na mashine 6 za kijani. Si zaidi, si pungufu.

Tukarudi nyuma hatua moja. Mikono 30 kwa dakika na mikanda 30 kwa dakika: mashine moja ya mikono inatosha na kubaki, na moja ya mikanda vilevile. Saketi 30 kwa dakika: mashine moja inatosha. Nyaya za shaba 90 kwa dakika: mashine moja inatosha, kwa kuwa ina uwezo wa kutoa 120. Na gia? Chupa nyekundu zinataka 30, mikono inataka 30, mikanda inataka 15. Jumla ni gia 75 kwa dakika. Mashine moja hutoa 60. Basi zinahitajika mbili, na ya pili haitafanya kazi hata nusu ya muda wake. Yeye alikuwa nazo nne, na masanduku manne.

Tukarudi tena nyuma mpaka kwenye tanuru. Kila chupa nyekundu imebeba ndani yake mabamba 2 ya chuma na 1 la shaba. Kila chupa ya kijani, ukizifungua tabaka zake zote, imebeba mabamba 5 na nusu ya chuma na 1 na nusu la shaba. Kwa pamoja ni chuma 7 na nusu na shaba 2 na nusu. Tanuru la mawe hutoa bamba moja kwa sekunde 3.2. Ukipiga hesabu unapata matanuru 12 ya chuma na matanuru 4 ya shaba, bila ya kubaki wala kupungua. Kijana aliweka kalamu chini, akacheka kwa mara ya kwanza. "Mimi nina matanuru 20 ya chuma," alisema. Alikuwa na chuma kingi kuliko haja yake, na bado alikufa njaa ya chuma, kwa sababu kilichukuliwa chote na yule aliyekaa mwanzo wa foleni.

Kwa upande wa pili wa kiwanda hesabu ni ileile. Utafiti ambao kila hatua yake huchukua sekunde 30 unahitaji maabara 15 ili kuzimeza chupa hizo kwa kasi zinavyotoka. Mwenye maabara mawili asilalamike kwamba chupa zimejazana, na mwenye maabara 40 asijisifu, maana mengi yatakaa bure.

Ndugu msomaji, tukiwa tumekaa mbele ya karatasi ile, tuliona aibu ambayo kijana hakuijua. Neno lake "nyingi" tulikuwa tumelisikia kabla, katika kikao cha kamati yetu wenyewe, na aliyelisema hakuwa mtoto.

Miaka miwili iliyopita tuliazimia kujenga chumba cha madrasa. Watoto wetu husomea barazani, na msimu wa mvua upepo wa uwanda huu huwanyeshea pale pale walipo, misahafu ikiwa mapajani. Waumini walichanga kwa moyo. Mama mmoja mjane alileta fedha ya gunia lake la maharage, akakataa jina lake lisomwe. Mwezi wa Agosti tulianza kufyatua matofali. Kazi ilikuwa tamu, vijana walijitokeza, na kila Ijumaa tulisimama tukatangaza idadi: elfu mbili, elfu nne, elfu sita. Watu walitoa takbira. Fundi alikuwa ametwambia chumba kinahitaji matofali 6,000. Tulipofika 6,000 hatukusimama. Kalibu zilikuwepo, udongo ulikuwepo, vijana walikuwepo. Mwenyekiti aliuliza tufyatue mangapi, na sisi, katibu, tuliandika jibu hili katika kumbukumbu: "Mengi kadiri iwezekanavyo."

Tulifyatua 8,000. Fedha iliyotakiwa kununua kuni za kuchomea tuliilipa kwa kufyatua yale 2,000 ya ziada na kwa chakula cha wafyatuaji. Tulipokwenda kutafuta kuni, hapakuwa na fedha ya mkokoteni wa ng'ombe. Tukasema tutachangisha tena. Oktoba ikapita katika kuchangisha. Novemba mvua ilinyesha usiku, mvua ya kwanza, kubwa, na asubuhi tuliyakuta matofali mabichi yamelala kama uji uliomwagika. Nyasi tulizoyafunika hazikufaa kitu. Watoto waliendelea kusomea barazani. Yule mama mjane hakusema neno, na kimya chake kilituumiza kuliko maneno ya waliosema.

Kwa muda mrefu tuliliita jambo lile bahati mbaya. Tulisema mvua iliwahi. Lakini mvua ya Ufipa haikuwahi. Novemba ndiyo miadi yake, na kila mkulima wa mahindi anaijua. Kilichotokea ni kilekile cha sanduku la gia. Tulipima kazi kwa kitu kilichokuwa rahisi kutengenezwa na kizuri kutangazwa, hatukuipima kwa kitu kilichohitajika. Kuni, ambazo ndizo zilizokuwa mlango mwembamba ambao kila tofali lilipaswa kuupitia, zilikuwa mwisho wa foleni, nazo zilikuta mkanda mtupu. Na dawa yetu ilikuwa ileile ya kijana: tulipoona chumba hakiinuki, tuliongeza matofali.

Jambo hili si elimu mpya iliyoletwa na kompyuta. Limeishi katika uwanda huu muda mrefu kabla yetu. Wafipa walikuwa wafua chuma mashuhuri, na mpaka leo mtu anayetembea vijijini katika wilaya za mkoa huu anaweza kukuta mabaki ya matanuru yao, yaitwayo malungu. Ilungu lilikuwa refu kupita kimo cha mtu, limejengwa kwa udongo wa kichuguu, na hewa iliingia yenyewe kwa chini kupitia vipulizio vya udongo bila ya mtu kuvukuta. Chuma kilichotoka humo bado kilikuwa kimechanganyika na takataka. Kwa hiyo kulikuwa na tanuru la pili, dogo, liitwalo kintengwe, ambalo hilo lilivukutwa kwa mivukuto, na humo chuma kilisafishwa. Hatua ya tatu ilikuwa ya mhunzi, aliyekifua kikawa jembe, shoka au mkuki. Jembe lililima, na jembe hilo hilo liliweza kuhesabiwa katika mahari.

Tafakari hesabu iliyokuwa nyuma ya jembe moja. Kichuguu, mawe ya chuma, miti ya mkaa na maji vinatakiwa viwe karibu, maana kila kimoja kikiwa mbali kinakula nguvu ya watu. Mkaa ni lazima uwe tayari kabla ya tanuru kuwashwa, kwa sababu tanuru lililokwisha kuwashwa halisubiri. Ilungu kubwa likitoa chuma kingi na kintengwe hakina mkaa, mhunzi atakaa na nyundo yake mkononi. Kazi yote inapaswa kuingia ndani ya kiangazi, kati ya mavuno na mvua, kwani wafuaji hao hao ndio wakulima. Mababu hao walichanganya kazi yao na uganga ambao sisi hatuukubali. Lakini ya kuwa walianza na jembe, wakarudi nyuma mpaka kwenye kichuguu, hilo tunalikubali, na tungelikumbuka lingetuokolea matofali 8,000.

Nasi tulio na Qur'ani hatuna udhuru zaidi. Katika Sura ya Saba, aya ya 10 na ya 11, tunajulishwa kwamba Mwenyezi Mungu alimlainishia chuma Nabii Daud, amani iwe juu yake, na akamwamrisha atengeneze nguo za chuma na apime vizuri uunganishaji wa pete zake. Tulipokuwa chuoni tuliisoma aya hiyo mara nyingi, tukastaajabia muujiza wa chuma kulainika, tukapita. Hatukusimama kwenye amri iliyofuata. Mtu amelainishiwa chuma mkononi mwake, angeweza kufanya kiasi chochote atakacho, na neno analoambiwa ni kupima. Pete kubwa mno hupitisha mkuki, na pete nzito mno humwelemea anayeivaa. Wingi wa chuma haukumwondolea wajibu wa kipimo.

Hata hivyo tusimfanye msomaji adhani kwamba tunausifu mchezo bila ya mipaka. Yako mambo ambayo kiwanda cha kwenye skrini hakiyafundishi, na mzazi anapaswa kuyasema. Mashine za humo hazichoki, haziugui, hazina watoto wanaosubiri chakula. Mtu anaweza kuivunja mashine na kuihamisha bila ya kumwumiza yeyote. Kijana anayezoea hesabu hiyo anaweza kuwatazama wafyatua matofali kama mashine za daraja la kwanza. Tena, humo hakuna mama mjane na gunia lake la maharage; kinachopotea ni alama za kwenye kioo. Hata moshi wa kiwanda, ambao katika mchezo huo huwavuta wale wadudu waje kushambulia, mchezaji huuona kuwa ni usumbufu wa kujilinda nao, ilhali sisi tunaoitazama milima ya Mbizi tunajua kwamba msitu ukikatwa haurudi kwa kubofya kitufe.

Na kubwa kuliko yote ni muda. Mtume, rehema na amani zimshukie, alitutahadharisha kwamba afya na wasaa ni neema mbili ambazo watu wengi hupata hasara ndani yake. Mchezo huu hauna mwisho unaokutoa wenyewe. Daima kuna tanuru moja la kuongeza. Kijana aliyekwama haoni usingizi, kwa sababu anadhani suluhisho liko hatua moja mbele, na anayefanikiwa naye haoni usingizi, kwa sababu chupa za rangi ya tatu zinamwita. Dawa tuliyokubaliana na baba yake haikuwa kuuza wala kuvunja. Kompyuta inalala chumbani kwa baba kuanzia saa 3 usiku. Siku za shule haifunguliwi kabla ya kazi ya shule. Na kijana anaweka daftari: kabla ya kuwasha, aandike anataka kujenga nini na kwa hesabu gani, akimaliza hicho, anazima. Sharti hilo la tatu alilipendekeza mwenyewe. Alisema akiwa na karatasi, saa moja inamtosha kwa kazi iliyokuwa ikimla usiku mzima.

Baba yake alitaka jambo la nne. "Kama anajua kuhesabu namna hiyo," alisema, "basi na ahesabu madrasa."

Tulilichukua neno hilo kama lilivyo. Mwezi wa Julai kamati ilimwalika kijana, akaketi pembeni ya wazee kwa adabu, daftari mkononi, na tukaanza kutoka mwisho. Tarehe 1 Novemba bati liwe juu. Ili bati liwe juu, kenchi ziwe zimesimama katikati ya Oktoba. Ili kenchi zisimame, kuta zifike kwenye lenta mwanzoni mwa Oktoba, na lenta inataka saruji na nondo. Ili kuta zianze, tanuru liwe limechomwa na kupoa kabla ya tarehe 10 Septemba. Ili lichomwe, kuni ziwe zimefika zote, safari 12 za mkokoteni, kabla ya tofali la mwisho kukauka. Matofali ni 6,000, na mia chache za akiba kwa yatakayovunjika. Vijana sita wanafyatua 400 kwa siku. Hizo ni siku 16, pamoja na majuma mawili ya kukauka.

Hapo kijana aliuliza, "Maji yanatoka wapi?" Wazee walitazamana. Maji yalikuwa yakiletwa kwa baiskeli moja yenye madumu manne kutoka mtoni, na kwa maji hayo hakuna awezaye kufyatua 400, labda 150. Miaka miwili iliyopita tuliwalaumu vijana kwa uvivu wa siku kadhaa, kumbe walikuwa wakisubiri baiskeli. Mzee mmoja alisimama, akasema mkokoteni wake na mapipa mawili yatafanya kazi ya maji mpaka matofali yaishe. Hakuna aliyefikiria kuomba jambo hilo, kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Tunapoandika safu hii, mwishoni mwa Agosti, matofali yamefikia 6,300 na kalibu zimeoshwa, zimewekwa. Kuni zimefika safari 9 kati ya 12. Ijumaa hatutangazi tena idadi ya matofali, tunatangaza kilichopungua. Juma hili kilichopungua ni kuni za safari tatu na mabati, na mabati ndiyo yanayotutia hofu. Fedha iliyopo haijatosha nusu ya paa. Hatuwezi kumwahidi msomaji kwamba tarehe 1 Novemba watoto watakuwa ndani. Tunachoweza kusema ni kwamba safari hii tunajua mapema, miezi miwili kabla, ni wapi tutakwama, na kujua huko kumetupa nafasi ya kuomba, kukopa, au kufunika sehemu moja kwanza.

Kwa wazazi wetu tunaacha ushauri mmoja. Kabla ya kuhukumu kinachomkesha kijana wako, keti naye saa moja, umwambie akueleze. Huenda ukakuta upuuzi, nawe utakuwa na haki ya kuuondoa. Huenda ukakuta mtoto anayebeba hesabu nzito peke yake usiku, akihitaji mtu mzima wa kumwuliza, "Unataka ngapi?" Na kwa wenzetu wa kamati za misikiti, vikundi vya kina mama na wote wanaoshika fedha za watu: swali hilo hilo mjiulize kabla ya tofali la kwanza, kisha mlirudie mbele ya kila kitu kinachotengenezwa kwa urahisi na kushangiliwa.

Yule mama mjane alipita juzi kiwanjani, akasimama mbele ya matofali. Hakuuliza ni mangapi. Aliuliza, "Kuni zipo?" Tulimwonyesha. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaenda zake.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azikubali sadaka za walimwengu wake wanyonge, atusamehe tulizozipoteza, na atupe kipimo katika yale aliyotulainishia. Amin.